Usiache Dozi kwa Ajili ya Tezi

Dar es Salaam,
16 Februari 2025

Mwanangu mpendwa,



Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, hata pale uliponyamaza nikawa nasikia majogoo ya jirani tu. Nimeona nikujibu kwa barua, nimpe binamu yako anayerudi Tanga kesho, maana haya si mambo ya kusikilizwa mara moja huku unakoroga mchuzi. Isome kwa kituo. Ukiona inafaa, msomee na mama yako.

Nianze na lile ulilolitaja mwishoni kwa sauti ya chini, kwamba umepanga kuacha methadoni kabla ya Ramadhani ili vidonge vya tezi ya shingo vipate nafasi ya kufanya kazi. Usiache, mwanangu. Kesho asubuhi nenda dirishani kliniki ukanywe dozi yako kama ulivyokunywa jana, na keshokutwa vivyo hivyo, na siku ya Idi vivyo hivyo. Mengine yote niliyoyaandika humu yanaweza kungoja. Hili halingoji.

Arosto ya unga, yale mateso ya kuikosa heroini, unaijua mwenyewe, sina haja ya kukusimulia. Ya methadoni huchelewa kuanza, halafu ikishaingia haiondoki upesi. Inaweza kukukalia wiki kadhaa, usingizi hakuna, mifupa inauma, tumbo limeachia. Wengi hawaivuki bila kurudi maskani. Na anayerudi hurudi na mwili ambao umeshapoteza ustahimilivu wake, kwa hiyo kiasi kilekile alichokuwa akitumia zamani bila shida kinamkata pumzi. Nimekaa matanga ya watu wa namna hiyo, watu wazuri, walioacha dozi kwa nia safi kabisa, huyu kwa ajili ya funga, yule kwa ajili ya posa iliyokuwa imeletwa. Anayetaka kutoka kwenye methadoni ana njia yake: anakaa na daktari, dozi inapunguzwa kidogo kidogo kwa miezi mingi, wakati maisha yametulia na mwili una nguvu. Wewe sasa hivi kipimo chako cha tezi, TSH, ni 41. Wakati wako bado.

Sasa tuje kwa mama yako. Anasema methadoni ndiyo iliyokuharibia shingo, eti ni unga wa serikali uliokuja kumalizia kazi ya ule wa mtaani. Simlaumu wifi yangu. Alikuona umekonda ukiwa kwenye unga, ukaingia kliniki ukanenepa, akashukuru Mungu. Mara anakuona uso umejaa, unalala mchana kutwa, nywele zinabaki kwenye kitana. Mzazi yeyote angetafuta kilichobadilika, na kilichobadilika machoni pake ni hiyo dawa. Lakini mkumbushe habari za bibi yako, mama yetu sisi. Wifi alimuuguza mwenyewe pale Ngamiani, anakumbuka. Bibi alikuwa na uvimbe hapa chini ya koo, akiuficha kwa mtandio. Alivaa sweta watu wakijipepea. Alikuwa mzito wa kusema na mzito wa kuinuka, wakasema ni uzee, na hakuwa amefika hata miaka sitini. Daktari aliyenitibu mimi tezi hii hii aliponiuliza habari za familia nikamsimulia hayo, aliacha kuandika akaniangalia, kisha akaendelea kuandika. Bibi yako hakupata kuiona kete kwa macho yake. Maradhi haya hutembea katika familia, na wanawake ndio yanaowaandama zaidi.

Kama hilo halimtoshi, mpe na hili. Mwaka 1912 daktari wa Japani aitwaye Hakaru Hashimoto aliandika habari za wagonjwa wanne waliokuwa wamevimba tezi ya shingo, wote wanawake, na jina lake ndilo ulilolikuta kwenye karatasi yako ya kliniki. Methadoni ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930. Kuitumia kutibu uraibu wa heroini kulianza New York miaka ya 1960, kwa kazi ya Vincent Dole na Marie Nyswander, na kwetu mlango ulifunguliwa Muhimbili Februari 2011. Ugonjwa huu uliwaumiza wanawake kabla methadoni haijakuwapo duniani.

Kinachotokea mwilini mwako ni kwamba kinga, ile yenye kazi ya kupigana na vijidudu, imeigeukia tezi kana kwamba ni mgeni aliyevamia. Inaibomoa polepole, kwa miaka. Tezi hiyo imekaa mbele ya koo, na homoni yake ndiyo inayouambia mwili uende kasi gani: moyo upige vipi, utumbo usukume vipi, joto liwe kiasi gani, hata hedhi na mawazo ya kichwani. Ikipungua, kila kitu kinapoa na kuchelewa. Hiyo TSH yenyewe haitoki shingoni. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza ya shingoni. Ya shingoni ikilegea, himizo linaongezeka, ndiyo maana namba inakuwa kubwa. Mwambie mama yako kwamba aliposikia "imepanda" ilikuwa na maana tezi imeshuka, na hizo dawa za kuishusha alizoambiwa na jirani azirudishe zilikotoka.

Nami nikueleze yangu, kwa sababu naona unapita palepale nilipopita.

Kwangu ilianza kinyume. Mwanzoni, tezi inapobomolewa, homoni iliyokuwa imehifadhiwa ndani yake inaweza kumwagika kwenye damu kwa mkupuo. Mwili ukaenda mbio. Moyo ulikuwa ukidunda hata nikiwa nimelala, jasho, mikono inatetemeka kiasi kwamba kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili, choo cha haraka, usingizi hakuna. Sasa niambie wewe, mtu wa kliniki ya methadoni akienda na maneno hayo, ataambiwa nini? Ataambiwa dozi haimshiki. Mimi mwenyewe niliamini hivyo, daktari akaamini hivyo, dozi ikaongezwa, na mbio zile zikaendelea vilevile. Baada ya muda zikakoma zenyewe, tukadhani dozi imekubali.

Halafu nikaanza kupoa. Januari ya Dar, majirani wametandika mikeka nje, mimi niko ndani na blanketi. Visigino vikapasuka, sauti ikawa nzito hadi watoto wa mlangoni wakaniita mjomba. Nyusi zikaisha upande wa nje, huku pembeni. Choo kikawa adimu, hedhi ikawa haikatiki. Kwenye benchi la kliniki nikawa nasinzia, na mtu akisinzia pale unajua anavyotazamwa. Walinipima mkojo, ukatoka safi, wakapima tena. Nilikwenda zahanati moja mtaani kwetu, nikajieleza yote kwa utaratibu, mganga akawa anasikiliza vizuri mpaka aliponiuliza natumia dawa gani. Nilipotaja methadoni akafunga daftari. "Hizo ndizo kawaida za hizo dawa zenu," akasema, akaita mgonjwa mwingine. Hakunigusa. Hakunipima hata joto.

Hili ndilo linalonifanya nikuandikie kurasa zote hizi. Ukishakuwa na kadi ya methadoni, kila kinachokuuma kinaandikwa kwenye hesabu ya unga. Ukisinzia ni unga, ukinenepa ni methadoni, ukilia ni arosto, ukikosa choo ni dozi. Na ubaya wake ni kwamba si uongo mtupu. Methadoni inafunga choo kweli, inatoa jasho, inaweza kuleta usingizi na kuvuruga hedhi. Inafanana mno na tezi iliyoshuka, na arosto inafanana mno na tezi iliyopanda. Ndiyo sababu haiwezekani kuamua kwa kumtazama mtu usoni. Lazima damu ipimwe. Una haki ya kuugua ugonjwa wa kawaida kama binti yeyote wa Tanga, na kupimwa kama yeye.

Aliyenitoa gizani ni muuguzi mmoja wa dirisha la dozi. Unajua ule utaratibu: unataja jina, mfamasia anakupimia, unakunywa mbele yake, unakunywa maji juu yake, unasema neno ili aone dozi imeshuka. Siku moja nilipomaliza kusema ahsante muuguzi akaniita kando. Hakuniuliza kama nimetumia kitu. Aliniuliza, "Dada, huo usingizi unakushika saa ngapi?" Nikamwambia naamka nao. Akauliza tena, kabla ya dozi au baada? Kabla, nikamwambia, na baada, na usiku. Akatikisa kichwa. Usingizi wa methadoni, akanieleza, huwa mkali saa chache baada ya kunywa, kisha hupungua. Wangu haukuwa na saa. Akanipeleka kwa daktari.

Daktari alisimama nyuma ya kiti changu, akaweka vidole vya mikono yote miwili shingoni, akanipa maji kwenye bilauri akaniambia nichukue funda moja nimeze. Nikameza, na chini ya vidole vyake nikahisi kitu kinapanda na kushuka, kigumu kidogo, kama kimejaa vinundu. Sikuwahi kujua kwamba nina kitu pale. Akaniambia nimeze tena. Kisha akaandika vipimo: TSH, T4 huru, na kile cha askari wanaoishambulia tezi, anti-TPO. Mwombe na wewe daktari wako akuandikie T4 huru, usikubali ile ya jumla peke yake. Heroini na methadoni huongeza protini inayobeba homoni hiyo kwenye damu, kwa hiyo kipimo cha jumla kinaweza kuonyesha namba nzuri ilhali homoni ya kutumika haitoshi. Si kila maabara wanakumbuka hilo, na methadoni hatulipii lakini vipimo hivi tunalipia, basi bora ulipie kile kinachosema kweli. Fedha ikipungua, TSH itangulie.

Tangu hapo lile swali la saa nimelifanya langu, na nakuachia nawe. Ukijisikia vibaya, kabla hujasema arosto, tazama saa. Arosto inafuata dozi: inakuja dozi inapokaribia kwisha, na ukishakunywa inatulia baada ya muda. Inakuja na miayo, machozi, kamasi, malaika kusimama. Tezi haijali umekunywa saa ngapi. Ukiwa na baridi ya tangu asubuhi hadi usiku, siku baada ya siku, na ngozi kavu juu yake, hilo si la kuongezewa methadoni. Andika kwenye daftari dogo saa uliyokunywa na saa uliyojisikia hivyo, umpelekee daktari. Karatasi wanaiheshimu kuliko maneno yetu.

Kuna jambo moja zito hapa ambalo hukuliuliza. Tezi ikishuka inaleta huzuni. Huamki na sababu, unaamka na uzito tu, kila kitu ni mbali, hata kuoga ni safari. Mtu mwingine akipatwa na huzuni hiyo atajifungia ndani. Sisi tunaijua njia nyingine, na miguu inaikumbuka. Siku uzito huo ukikushika, jiambie kwamba ni homoni iliyopungua, ina kidonge, na kidonge kinafanya kazi. Halafu mpigie mtu. Nipigie mimi, hata saa nane za usiku.

Kidonge chenyewe ni levothairoksini, homoni ileile iliyotengenezwa kiwandani. Umeniuliza itakuwaje mikrogramu 100 juu ya methadoni, ukaogopa ile mia. Mikrogramu 1,000 ndizo miligramu moja, mwanangu. Hicho kidonge kina dawa kidogo mno, na hakigombani na methadoni. Kinagombana na chakula. Kinywe alfajiri na maji matupu, ukae nusu saa au saa nzima ndipo unywe chai. Najua chai ya maziwa na mahamri ya mama yako ilivyo ngumu kungojewa. Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kwa ajili ya hedhi, na vya kalisi kama unavyo, vikae mbali nacho kwa saa nne, kwa sababu vinaikamata dawa tumboni isiingie kwenye damu. Dawa za vidonda vya tumbo nazo uzitaje.

Hutasikia kitu ukikimeza. Hili lilinisumbua kuliko yote, na naona litakusumbua. Tumezoea kitu kinachojibu ndani ya dakika chache, na hata methadoni unajua siku hiyohiyo kama imekushika. Hiki kinajijenga polepole. Utaanza kuona unafuu baada ya wiki kadhaa, na damu hurudiwa kupimwa baada ya wiki sita hadi nane ndipo daktari aamue kuongeza au kuacha hapohapo. Usijiongezee ili uwahi, wala ili upungue mwili kama yule rafiki yako alivyokushauri. Kikizidi, moyo unakwenda mbio na mifupa inalika. Na siku ukijisikia mzima usikiache, maana hicho ndicho kinachouleta uzima huo.

Moyo nao usiusahau. Tezi iliyoshuka huupunguza kasi, na methadoni, hasa dozi ikiwa kubwa, inaweza kugusa umeme wake. Kama hujafanyiwa kile kipimo cha kubandikwa waya kifuani, kiombe. Na mpaka TSH yako itengemae, kaa mbali kabisa na valiamu na pombe. Mwili uliopoa na methadoni pamoja vinatosha kuupunguzia mtu pumzi usingizini, havihitaji msaidizi.

Kuhusu Ramadhani. Kidonge cha tezi hakina taabu: unaweza kukimeza nusu saa kabla ya daku, au usiku wakati wa kulala ikiwa zimepita saa tatu tangu ule. Chagua kimoja ukizoee, na umwambie daktari. Methadoni ndiyo inayonywewa mchana mbele ya mfamasia. Waulize kama kwenu huwa wanabadilisha saa. Kama hawabadilishi, kunywa. Mimi nilimfuata sheikh wetu wa mtaani nikamweleza bila kuficha, akanijibu kwamba mgonjwa ameruhusiwa na Mola wake, na kwamba kuilinda roho ni ibada. Natoa fidia yangu, nawalisha watu wawili watatu wa jirani, na futari nakula nao pamoja. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Maji unywe mengi usiku, na papai na mboga, kwa ajili ya choo.

Shangazi yako mdogo wa Unguja naye amekuletea mwani uliosagwa, nimesikia. Ameona watu wanaunywa kwa uvimbe wa shingo, na nia yake ni njema. Zamani uvimbe wa shingo huko nyanda za juu, Iringa na Mbeya, ulitokana na ukosefu wa madini joto, ndiyo maana chumvi inatiwa madini hayo mpaka leo. Tezi yako wewe haina njaa ya madini joto, inapigwa na kinga, na madini hayo yakizidi yanaweza kuichokoza zaidi. Chumvi ya kawaida ya dukani inakutosha. Huo mwani mshukuru, uusugulie mwilini, ngozi itafurahi.

Mambo mawili tena nayapitia haraka. Ikitokea siku umeambiwa una kifua kikuu, kabla ya kumeza dawa ya kwanza wajulishe kliniki ya methadoni na daktari wa tezi siku hiyohiyo. Rifampisini iliyomo humo hulifanya ini liitoe methadoni upesi, ukajikuta kwenye arosto hali dozi unakunywa, na levothairoksini nayo inaipunguza nguvu. Dozi zote mbili zitahitaji kutazamwa upya, na TB ikiisha zitazamwe tena. Wapo walioikimbia TB kwa sababu hiyo, na wapo walioikimbia methadoni, na hakuna aliyehitaji kukimbia.

La pili ni la mtoto. Najua kijana wa Pongwe ameleta watu, na mama yako ameshaanza kuulizia vitenge. Wakati wa unga hedhi yako ilipotea ukadhani uzazi umekwisha. Haukwisha, unarudi mtu anapotulia kwenye methadoni na tezi inapokaa sawa. Kwa hiyo huyo mtoto mpangilie. Mimba ikiingia na tezi iko chini, kuna hatari ya kuharibika, na mtoto anahitaji homoni yako kwa ubongo wake tangu wiki za mwanzo. Siku ukigundua tu, nenda kliniki, kidonge cha tezi kwa kawaida huongezwa mapema. Methadoni usiiache ukiwa na mimba, hata mkunga akikuambia nini. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto, nayo inatibika hospitalini, na kunyonyesha utanyonyesha. Huyo kijana umwambie mapema, mwenyewe, kabla hajaambiwa na watu wa kijiweni. Mwambie vyote viwili. Kama atababaika, utaniambia nije nizungumze na wazazi wake. Ndiyo kazi ya shangazi.

Na madaktari wako wawili usiwaache waishi kama wake wenza wasiosemezana. Yule wa tezi asijue habari za methadoni kwa sababu unaona haya, yule wa methadoni asijue habari za tezi kwa sababu unaona hazimhusu: hapo ndipo watu wetu wanapoumia. Haya yako naielewa. Nimeibeba mwenyewe ile ya kushika faili kifuani ili maandishi ya juu yasisomwe. Lakini unakwenda pale kutibiwa, na huwezi kutibiwa nusu mwili. Mwombe daktari wa tezi akuandikie barua fupi ya dawa na namba zako, uipeleke dirishani, wao wakuandikie ya dozi uirudishe kwake. Kama akifunga daftari, kama yule wa kwangu, uliza kwa adabu, "Daktari, tunaweza kupima tukahakikisha?" Akikataa, tafuta mwingine. Usirudi nyumbani ukalala.

Nakungoja Idi kama ulivyoahidi. Usije ghafla. Wiki moja au mbili kabla, waambie kliniki unasafiri, wakuandikie barua ya kunywea dozi huku Dar kwa siku utakazokuwepo, yenye kiasi cha dozi na siku ya mwisho uliyokunywa. Nitakupeleka mwenyewe asubuhi, tunakwenda njia moja. Vidonge vya tezi uvibebe kwenye karatasi zake, uvitie mkoba wa mkononi, visikae kwenye buti la basi na joto hili. Na uniletee jibu la T4 huru. Piga picha unitumie hata kabla hujaja, likitoka tu.

Msalimie sana wifi. Mwambie sijakasirika, na kwamba hizo shilingi nilizompa binamu yako ni za vipimo, zisiingie kwenye vitenge.

Wako akupendaye,
Shangazi